Tarehe ya kliniki ikihamishwa, mgonjwa ajulishwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua wagonjwa tunaotoka wilayani kwenda kutibiwa jijini Mwanza. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Sengerema. Mwezi Agosti mkojo uliniziba usiku, na kulipokucha nikawekewa mpira, nikaelezwa kuwa tezi dume imekua na kwamba ninahitaji kuonwa na daktari bingwa wa njia ya mkojo. Barua ya rufaa niliandikiwa siku hiyo hiyo. Mpaka hapo simlaumu mtu.

Hospitali niliyopelekwa sitaitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa wagonjwa wa hospitali nyingine. Mara ya kwanza nilifika saa moja asubuhi, nikakaa kwenye benchi hadi saa sita, ndipo tulipotangaziwa kwamba daktari amesafiri kikazi na kliniki imesogezwa wiki mbili mbele. Mara ya pili daktari alikuwepo, ila faili langu halikuonekana. Mara ya tatu niliambiwa kuwa barua yangu imeshakuwa ya zamani, hivyo nirudi nilikotoka nikaandikiwe nyingine, kana kwamba na ugonjwa nao ungeanza upya.

Kwa asiyejua, mpira wa mkojo si kitu cha kukaa nacho huku ukihesabu miezi. Hubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, na kadiri unavyokaa mwilini ndivyo hatari ya kupata maambukizi inavyoongezeka. Mimi mwenyewe nimekwisha kuugua homa kwa sababu hiyo na kumaliza dozi mbili za dawa. Mtu mzima anatembea na mfuko chini ya suruali, anaogopa kukaa msikitini au kwenye kikao cha ukoo, na kila tarehe inayosogezwa humaanisha mpira mwingine. Mwenye kusogeza tarehe anaona siku kwenye kalenda tu.

Sidai kwamba daktari asisafiri. Madaktari bingwa ni wachache, nao wanategemewa na watu wa Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga pamoja na sisi. Ninachohoji ni kwa nini habari ya kuahirishwa kwa kliniki, ambayo bila shaka ilijulikana ofisini kabla ya siku ile, ilitusubiri sisi tuifuate kwenye benchi. Pembeni yangu alikuwepo mzee aliyetoka Nansio, Ukerewe, ambaye kwake kuikosa kliniki ni kulala jijini akingoja meli ya kesho yake. Sisi wa Sengerema angalau tangu Juni 2025 tunapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi bila kungoja kivuko. Safari imefupishwa, lakini barua ya rufaa bado inaonekana kusubiri kivuko.

Wala haiwezi kusemwa kwamba hospitali haina namna ya kutufikia. Namba ya simu huandikwa siku ya kwanza ya kujiandikisha. Nilipotakiwa kulipia kipimo kimoja ambacho bima yangu haikukigharamia, namba ya malipo iliingia kwenye simu yangu kabla sijafika dirishani. Mtambo ulioweza kuniletea deni kwa haraka namna hiyo ungeweza pia kuniletea sentensi moja ya kunizuia nisipande basi.

Katika kufuatilia nimejifunza mambo ambayo yangepaswa kuelezwa na aliyeandika rufaa. Barua itolewe nakala kabla ya kuikabidhi, maana ya kwangu ilipotea pamoja na faili, na picha niliyokuwa nimeipiga kwa simu ndiyo iliyoniokoa. Mgonjwa aulize jina la kliniki na siku yake ya wiki, kwa sababu ukipiga simu na kusema tu kwamba una rufaa, utazungushwa kila meza. Hali ikibadilika, kama ilivyokuwa kwangu nilipopata homa, daktari aliyekupa rufaa arudiwe ili aandike kwamba shauri ni la haraka. Maneno hayo yakitoka kwake yanasikilizwa kuliko yakitoka kwako. Sanduku la maoni nalo nililijaribu. Afadhali ofisi ya ustawi wa jamii, ambako dada mmoja aliinuka kwenye kiti akanisindikiza masjala, na faili likaonekana baada ya robo saa.

Lakini ni wangapi wenye nguvu na ujasiri wa kuzunguka hivyo? Tatizo ni kwamba barua ikishatoka wilayani, wilaya inahesabu imemaliza, na kule inakokwenda haihesabiwi mpaka mgonjwa aonwe. Hapo katikati haina mwenyewe. Naziomba hospitali za rufaa za mkoa na kanda zimteue mtumishi mmoja kwa kila kliniki, namba yake ya simu iandikwe kwenye kadi ya miadi, na awe na wajibu wa kuwajulisha wagonjwa tarehe inapohamishwa.

Tarehe yangu ya sasa ni Alhamisi ijayo. Nimepiga simu mara mbili kuuliza kama ipo palepale. Ya kwanza haikupokelewa, na ya pili nimejibiwa, “Wewe njoo tu, mzee.”

Mwalimu mstaafu,
Sengerema, Mwanza