Kuhusu kile chumba cha chini

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi. Najua zamu ya kuandika ilikuwa yangu tangu kabla ya harusi ya Rehema. Unisamehe, na usinikumbushe tukionana. Sisi huku wazima, kelele tu za watoto.

Kilichonishikisha kalamu ni chumba cha chini ya ardhi, kile ulichogonga kichwa. Nimeamua, au tuseme nilikuwa nimeamua, kukitengeneza mwenyewe ili Juma apate pa kulala: jipsamu ukutani, marumaru chini, taa. Mama Juma anataka niite mafundi. Nilipomuuliza kwa nini, hakujibu, akanyoosha kidole kwenye mlango wa bafuni. (Mpaka leo unafungwa kwa kusukumwa na goti.)

Basi juzi nikabandika kipande cha nailoni kwenye sakafu ya zege, kama nusu mita kila upande, nikaziba kingo zote kwa selotepu, nikakiacha siku nzima. Kesho yake juu pakavu, chini ya nailoni matone. Yaani unyevu unapanda kutoka ardhini. Na ule unga mweupe ukutani niliokuwa naufagia nikidhani ni chokaa, kumbe ni chumvi: maji yanapenya ukutani, yanakauka, yanaiacha. Hebu fikiria ningeshabandika jipsamu juu yake! Fangasi wangekula kimyakimya huko nyuma.

Nikaita fundi. Akatazama dakika tano, akasema dawa ni rangi ya kuzuia maji, ndani, na nusu ya pesa anaitaka papo hapo. Maji yanasukuma kutoka nje, rangi ya ndani itashikilia nini? Wa pili, mzee mmoja, hata hakushuka ngazi kwanza. Alizunguka nyumba, akanionyesha bomba la paa linavyomwaga maji kwenye msingi, na udongo ulivyoinamia ukutani. Akasema kabla sijamlipa mtu yeyote nirefushe bomba, kisha nijaze udongo ushuke kwenda nje, sentimita 15 katika mita 3. Hiyo naifanya mwenyewe. Nimeanza Jumamosi; mgongo wangu usiuulize.

Shida ni ufa. Ungekuwa wa kusimama, mwembamba, nisingekusumbua. Mara nyingi huo ni zege lilijivuta likikauka. Huu umelala, katikati ya ukuta wa nyuma, ule wa matofali. Mzee aliuwekea kiganja akanyamaza, kisha akasema udongo unasukuma, hiyo si kazi yake wala yangu, nimtafute mhandisi. Nimechora penseli kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe. Kila usiku nashuka na tochi kuangalia. Mama Juma anadhani nachungulia panya.

Na dirisha nalo. Mtoto akilala kule lazima awe na pa kutokea moto ukiwaka ngazini, na lililopo halipitishi hata paka mnene. Kukata ukuta ulio chini ya ardhi... hapana, sithubutu. Umeme pia sigusi.

Kwa hiyo nimebakiwa na jipsamu, marumaru na rangi. Sitaokoa pesa nyingi kama nilivyomtambia kila mtu, hadi Salim! Mama Juma sijamwambia bado kwamba ameshinda nusu.

Sasa nijibu. Wewe ulipotengeneza kwako ulilipa kwa hatua au kwa mkupuo? Ulibakiza kiasi gani mpaka kazi iishe? Mliandikiana? Yule mhandisi wa upande wa shemeji bado anapokea simu, au tangu yale mambo ya kiwanja…? Mashine ya kutoboa zege iko kwako au Salim hajairudisha? Na Jumapili unaweza kuja uutazame ufa kwa macho yako, uniambie kama naota? Boriti bado ipo palepale, uiname.

Ni mimi,
Baba Juma