Barua kwa Salehe, kabla hujaenda kukaa na wakulima wa Sragen

Ndugu yangu Salehe,

Salaam sana. Natumaini u mzima, na shemeji na watoto hawajambo. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia safari ya Java, Indonesia, imethibitishwa. Umeuliza habari za chakula, mavazi na lugha. Hayo utayazoea ndani ya wiki mbili. Mimi nina ombi moja kwanza: usikanyage jaruba la mpunga la mtu usiku, hata kama mwenyewe unamjua, hata kama tochi yako inamulika vizuri.

Sababu ni nyaya za panya. Huko Sragen, Java ya Kati, na hata Ngawi na Bojonegoro upande wa Java Mashariki, panya wa mpunga wamewachosha wakulima mpaka wengine wamekimbilia umeme. Mkulima anachomeka vijiti vya mianzi kuzunguka jaruba, anapitisha waya mtupu, ule wa kufungia nondo, kama kiganja kimoja juu ya maji, kisha anauunganisha na umeme wa nyumbani wa volti 220 au na jenereta. Panya akigusa anakufa. Mtu naye hivyo hivyo, maana yuko peku kwenye tope na mwili umelowa. Wengi hudhani breka ya kwenye mita itakata. Haikati. Nyumba nyingi za vijijini zina umeme mdogo, wa VA (voltiampea) 450 au 900, na breka zake ni za ampea 2 au 4, wakati umeme wa kumuua mtu haufiki hata sehemu ya kumi ya ampea moja. Kwa breka hiyo ni kama taa ndogo tu imewashwa. Ndiyo maana maiti huokotwa asubuhi na waya bado una moto.

Mara nyingi anayekufa ni mwenye waya mwenyewe, aliyetoka usiku kutazama kama panya wameshikwa. Wengine ni majirani waliokwenda kufungulia maji, kwa kuwa zamu ya maji haichagui saa. Nyaya hizo zimepigwa marufuku, na wapo wenye mashamba waliofungwa jela kwa sababu mtu alikufa kwenye waya wao. Bado zipo. Ukitaka kwenda shambani alfajiri, nenda na mwenye shamba, yeye atangulie, na ukiona kijiti chenye waya usiulize kama umezimwa. Uhesabu kuwa unawaka.

Wewe ni bwana shamba, kwa hiyo utaulizwa: tukiacha umeme tufanye nini? Jibu lipo, ila halifanywi na mtu mmoja. Panya wa huko, Rattus argentiventer, huanza kuzaa wakati mpunga unapobeba mimba, yaani masuke yakiwa bado ndani ya bua, na huendelea mpaka mavuno. Mimba ya panya ni wiki tatu, na uzao mmoja unaweza kufika watoto kumi na zaidi. Jirani wakipishana kupanda kwa zaidi ya wiki mbili, panya anatoka kwenye mpunga uliokomaa anaingia kwenye unaobeba mimba, na uzazi haukatiki. Kwa hiyo dawa ya kwanza ni bonde zima kupanda pamoja. Ya pili ni kingo za majaruba, ambazo wao huziita galengan: zikiwa nyembamba chini ya sentimita 30, panya hapati nafasi ya kuchimba shimo la kuzalia. Ya tatu ni msako wa kijiji kizima, gropyokan, nao una wakati wake: mashamba yakiwa matupu, wakati wa kuandaa ardhi, kabla hawajaanza kuzaa. Watu hupanga mstari, mashimo yanachimbwa kwa jembe au yanatiwa moshi wa salfa, na wengine husimama na fimbo na nyavu kwenye tundu la pili, maana shimo la panya halikosi mlango wa nyuma. Msako ukifanywa mpunga umeshasimama, mtakanyaga mpunga mwingi kuliko panya mtakaowaua.

Kuna pia mtego wa jaruba la chambo, na huu ningependa uutazame kwa makini uje utuoneshe Ifakara. Hupandwa kijaruba cha mita 20 kwa 20 wiki tatu kabla ya wengine, kikazungushiwa nailoni ya kimo cha sentimita 60 au zaidi iliyoshikwa na vijiti, na mfereji wa maji ukapita nje yake. Kila upande huachwa tundu moja au mawili linaloingia moja kwa moja kwenye kizimba cha waya. Panya wa mbali hufuata harufu ya mpunga uliotangulia, wanaambaa na nailoni wakitafuta upenyo, na upenyo ni ule tu. Kijaruba kimoja kinaweza kulinda hekta 10 hadi 15 kukizunguka. Kinachokiharibu ni uvivu: majani yakiachwa yakaegemea nailoni, panya wanapanda juu yake, nailoni ikitoboka kidogo tu bila kuzibwa, kazi imekwisha, na vizimba visipokaguliwa kila asubuhi, waliomo hufa na kuoza, na wenzao hukwepa mahali hapo. Mwenye kijaruba ndiye anayekula hasara kubwa, kwa hiyo kikundi chote lazima kichangie gharama yake. Hapo ndipo mipango mingi huvunjika.

Halafu kuna bundi. Najua kwetu bundi akilia juu ya paa watu hawalali. Kijiji cha Tlogoweru, Demak, kimejulikana kwa kumtunza bundi mweupe: wanamwekea kisanduku cha mbao juu ya nguzo katikati ya mashamba, naye hula panya kadhaa kwa usiku mmoja. Adui zake ni bunduki ya upepo na sumu, kwani panya aliyekula sumu humuua na bundi aliyemla. Mkichagua bundi, acheni sumu.

Kwenye ule msako wa panya uwe na glavu na mabuti. Homa ya mgunda, ile iliyosikika Lindi mwaka 2022, iko Java pia, na huenezwa na mkojo wa panya kwenye maji na tope. Huingia kupitia mchubuko au ngozi iliyolainika kwa maji. Ukipata homa ya ghafla, macho mekundu, na hasa maumivu ya misuli ya shavu la mguu, nenda zahanati siku hiyo hiyo na useme wazi kwamba umeshinda kwenye majaruba. Ikitibiwa mapema ni antibayotiki tu. Ikiachwa inashika figo na ini.

Usalama wa nyumba utaukuta umepangwa vizuri sana. Kaya za jirani zinaunda RT, mtaa mdogo wenye kiongozi wake, kama balozi wa nyumba kumi kwetu; mpango huo ulianzishwa na Wajapani walipoitawala Java, mwaka 1944. Mgeni anayelala lazima aripoti kwa kiongozi huyo, Pak RT, ndani ya saa 24. Nenda siku ile ile na nakala ya pasipoti, kabla hujaitwa. Mlangoni sema "kulo nuwun", ndiyo hodi yao. Ukijibiwa "monggo", umekaribishwa.

Usiku kuna lindo la zamu, ronda. Wanaume wa RT wanagawanywa makundi saba, kila kundi usiku wake. Kila nyumba ina kikopo kimetundikwa ukutani au kwenye nguzo ya uzio, mara nyingi kikombe cha plastiki cha maji ya kunywa, na jioni mama mwenye nyumba anatia humo mchele wa kujaa vidole, au siku hizi sarafu ya rupia 500. Walinzi wanapita wakikusanya. Hiyo ndiyo jimpitan, na fedha yake hutengeneza taa za njiani au kununua viti vya shughuli. Lakini angalia ujanja wake: ili wachukue mchele lazima wafike mlango kwa mlango. Asubuhi ukikuta kikopo bado kina mchele, unajua walinzi walilala. Nao wakikuta kitupu siku kadhaa mfululizo, wanajua wa kumjulia hali.

Kwenye kibanda cha walinzi huning'inia kentongan, gogo la mwanzi au la mfenesi lililochimbwa ndani na kuachiwa mwanya mrefu. Jifunze milio yake usiku wa kwanza. Kwa kawaida mapigo mawili mawili ni mwizi, matatu matatu moto, manne manne maafa kama mafuriko, matano matano ng'ombe ameibwa. Ya harakaharaka bila kituo ni hatari, tokeni wote. Vijiji hutofautiana kidogo, kwa hiyo soma ubao wa pale pale. Ng'ombe ana mlio wake kwa sababu yeye ndiye akiba ya mkulima: ada ya shule na harusi viko zizini, na zizi liko ubavuni mwa nyumba. Siku za kukaribia Idi ya kuchinja bei hupanda, na wezi wanalijua hilo.

Habari za ardhi nitakugusia tu. Wengi wana chini ya nusu hekta, na wasio nayo hulima ya mwenzao kwa kugawana nusu kwa nusu, maro. Familia nyingi zilikuwa na girik, karatasi ya kodi, au jina tu kwenye daftari la kijiji liitwalo Letter C. Kwa kanuni ya mwaka 2021, kuanzia Februari 2026 karatasi hizo si ushahidi wa umiliki tena, ni kielelezo tu cha kuombea hati. Mgeni haruhusiwi kuwa na hati ya umiliki kamili, basi mtu akikwambia "nunua kwa jina langu", mshukuru na umalize chai yako.

Nunua mabuti mjini Solo kabla hujapanda basi, maana wewe unavaa namba 45 na madukani huko namba hiyo ni ya kutafuta. Msalimie mama sana. Nitasubiri barua yako ya kwanza, na mchoro wa kile kijaruba ukiwa na vipimo vyote.

Ni mimi rafiki yako,
Hamisi