Asante mzee wa pikapu nyekundu

Jamani naomba nimshukuru hapa yule mzee wa kule kempu Minnesota, jina hakutaja, aliona tunahangaika na trela yetu ya kulala kambini, kuiandaa mabomba yake ya maji yasigande, baridi imeshaanza kuuma akaja na spana zake bila kuitwa. Maji yote tukamwaga kwanza, tangi na mabomba ya chini, ila hita ya maji akasubiri ipoe na presha iishe ndo akafungua kizibo, ikiwa moto inakuunguza vibaya. Halafu akageuza valvu ili dawa ya kuzuia kuganda isipite kwenye hita, maana ile inameza magaloni bure bure. Dawa yenyewe ni ya pinki, propilini glaikoli, sio ile ya kijani ya rejeta ya gari ambayo ni sumu, hapo alikazia kweli kweli mpaka mke wangu akacheka.

Pampu ikawa inavuta dawa kutoka kwenye dumu, sisi tunafungua koki moja moja, ya moto na ya baridi, mpaka itoke pinki tupu, choo pia na lile bomba la kuogea nje ambalo ni rahisi kusahaulika. Mwisho akamimina kidogo kwenye sinki ikae pale bomba linapojikunja. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9 hivi, bomba linapasuka kimya kimya ukija kujua ni masika umefungua maji sakafu imelowa yote.

Hela alikataa katakata, chai ya tangawizi akanywa. Anayemjua amwambie mabomba yote mazima, na chai ipo.