Kabla Hujaiuza Corolla Yako

Mbagala,
Dar es Salaam.

Rafiki yangu mpendwa,

Natumaini wewe na familia hamjambo. Sisi tunaendelea vizuri, ukiacha joto na foleni ya barabara ya Kilwa, ambayo unaijua. Barua yako imenifikia, nami nimesikitika kusoma kwamba fundi amekushauri uiuze Corolla yako kwa sababu inakunywa petroli kupita kiasi na eti injini imechoka. Nakuomba usiharakishe. Injini iliyochoka kweli huonyesha dalili zake, na gari la umri huo bado linakubali kukaguliwa na mwenyewe, nyumbani, kwa spana chache.

Nianze na kitu ambacho ningekitazama kwanza. Mafundi wengi wa hapa mjini, gari likichemsha mara moja tu, huing'oa thamostati, ile vali ndogo inayozuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa, wakisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha nchi za baridi. Hoja hiyo inavutia lakini haina msingi, kwa kuwa hewa ya Dar es Salaam ina nyuzi 30 na kidogo, ilhali injini yako imeundwa ifanye kazi maji yake yakiwa na nyuzi zaidi ya 80. Bila thamostati, maji hupita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, injini huchelewa kupata moto, na kompyuta yake, ikidhani gari ndiyo kwanza limewashwa, huendelea kuongeza petroli. Kilichochemsha gari, ambacho mara nyingi ni rejeta iliyoziba, mfuniko wake uliolegea au feni isiyozunguka, hubaki palepale. Maji ya kisima yenye chumvi tunayoyamimina humo nayo hayaihurumii silinda hedi ya aluminiamu.

Mimi thamostati mpya siifungi kabla ya kuijaribu. Huitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni (mama watoto ameshanitengea sufuria yangu, na manung'uniko yamepungua), kisha nawasha moto na kutazama. Maji yakiwa vuguvugu, vali hukaa imefumba kabisa. Yakifika kama nyuzi 82, nta iliyomo ndani huyeyuka na kutanuka, nayo vali huisukuma springi yake na kufunguka polepole, bila umeme wala mkono wa mtu. Raha ya kuona sababu ya jambo kwa macho yangu ndiyo inayonifunga kwa magari haya, kuliko hata fedha ninazookoa, ambazo kusema kweli huishia kwenye spana nyingine.

Isitoshe, injini yako ya 5A-FE haihitaji mashine ya kupimia. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo chenye matundu; unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga stata, kisha utazame taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mfululizo bila kupumzika, kompyuta haina lalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara mbili tena, hiyo ni namba 22: kasoro iko kwenye sensa ya joto la maji au waya zake.

Sijaachana na fundi wangu. Gia boksi na breki bado ni kazi zake. Ila sasa namwendea na swali, si kumwachia ufunguo tu, na nikienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani na kifaa cha zamani mkononi, mazungumzo na muuzaji huwa mafupi.

Basi asubuhi moja, injini ikiwa baridi, andika namba kwenye waya za plagi kabla ya kuzichomoa, kwa sababu silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2 na ukizichanganya gari litagoma. Toa plagi zote nne, uzipange kwa mfuatano wa silinda, unipigie picha. Ncha ya kahawia hafifu ni ya afya. Masizi makavu meusi ni petroli iliyozidi, na hapo mshukiwa wangu utakuwa umeshamjua. Zikiwa zimelowa oili, fundi wako ana hoja, nami nitakusaidia kutafuta mnunuzi.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa Mbagala