Malalamiko: petroli ndani ya darasa la uchapaji wa picha “usio na sumu”

Kwa Meneja wa Mafunzo,
Dar es Salaam

YAH: MADAI YA FIDIA KUHUSU MAFUNZO YA SIKU NNE YA KUCHAPA PICHA KWA PLETI ZA MWANGA

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe na meneja mwenyewe. Dada wa mapokezi ameshaniambia mara mbili kwamba hela ikishaingia haitoki. Kanuni yenu ya marejesho mnaijua, na fomu niliyojaza mnayo, kwa hiyo sitarudia yaliyomo.

Siku ya tatu, Ijumaa, saa nane mchana, mkufunzi wenu alitoa chini ya meza chupa ya maji ya lita moja na nusu, akaifungua, akamwagia petroli kwenye tambara na kuanza kufuta wino uliokuwa kwenye pleti, yaani bamba la kuchapia picha. Mlango ulikuwa umefungwa na madirisha pia, ili karatasi tulizolowesha zisikauke. Tulikuwa watu tisa. Mimi ni mpiga picha wa studio na nina pumu, na kwenye fomu yenu niliandika. Nikasema, “Samahani mwalimu, tuliambiwa tutasafisha kwa mafuta ya kula na sabuni.” Akanijibu bila hata kuinua macho: “Mama, kama kifua kinakusumbua, rudi ukapige picha za pasipoti.”

Tangazo lenu lilisema bila asidi, bila daikromati, bila viyeyushi vikali. Ndicho kilichonileta. Njia ya zamani ya kuchapa picha kwa shaba, ile aliyoikamilisha Karl Klíč kule Vienna mwaka 1879, inataka jelatini iliyotiwa daikromati ya potasiamu, kemikali inayoleta saratani, kisha shaba iliwe na kloridi ya feri. Pleti za fotopolima, yaani zenye utomvu unaoganda kwa mwanga, zinakuondolea hayo yote. Unachapa picha yako ya dijitali kwenye filamu angavu kwa printa ya kawaida, unailaza juu ya pleti, unaipiga mionzi ya urujuanimno. Panapopigwa mwanga panakuwa pagumu. Panapokingwa na weusi wa filamu panabaki laini, na panatoka kwa maji ya bomba tu. Maji ya bomba! Mtu wa kifua kama mimi akisikia hivyo anaona mlango umefunguliwa. Halafu mnamaliza kazi hiyo safi kwa petroli, yenye kemikali ya benzini ndani yake, ambayo nayo inaleta saratani? Lita moja ya mafuta ya alizeti ya Singida ingetosha darasa zima siku zote nne.

Na petroli ilikuja wakati pleti zangu mbili zilikuwa zimeshaharibika. Jumatano mkufunzi alichana mfuko mweusi wa pleti mezani, karibu na dirisha, saa nne asubuhi, pazia likiwa wazi, akaziacha hapo huku anaongea na simu. Pleti hizo hazitakiwi kuona jua mpaka ziwe zimeshapigwa picha na kuoshwa. Ndiyo maana zinauzwa ndani ya mfuko mweusi, ndiyo maana chumba kinawekwa taa ya njano. Yangu nilipoiosha haikutoka kitu, ilikuwa imeshaganda yote. Nikasugua kwa brashi laini mpaka vidole vikauma. Glavu zilikuwa jozi mbili kwa watu tisa, na mimi sikupata, wakati utomvu wa pleti mbichi unaweza kuwasha ngozi.

Ya pili ndiyo iliyoniuma zaidi. Ilikuwa picha ya bibi yangu akisuka ukili, Mafia, niliyompiga kabla hajafariki. Niliiandaa filamu yake usiku mbili mfululizo. Mkufunzi aliruka hatua ya kwanza, ya kupiga mwanga kupitia skrini ya vitone, ile filamu yenye vitone vidogo vidogo. Vitone vile ndivyo vinavyoshika wino kwenye sehemu nyeusi. Bila hivyo weusi unachimbika kama sahani, kitambaa kinaingia na kuufuta wino wote. Kanga ya bibi, ambayo ni nyeusi, ikatoka kijivu katikati na mstari mweusi pembeni. Tena maji tuliyooshea yalitoka kwenye tangi la juu ya paa, saa saba mchana, ya moto kabisa, wakati yanatakiwa yasizidi nyuzi 25 hivi. Vivuli vyepesi vya vidole vyake nikaviona vinaondoka na maji kwenye sinki.

Pleti hiyo ndiyo niliyokuwa nimeishika ilipofunguliwa chupa ya petroli. Narudi hapo kwa sababu mtu wenu wa simu aliniambia “ni utani wa darasani”. Haukuwa utani. Nilikuwa nimesimama, nakohoa, mkononi nina bibi yangu aliyefutika vidole, na kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho ananiambia nirudi kwenye picha za pasipoti. Vijana wawili wakacheka. Nikatoka nikishika ukuta. Nikakaa kwenye ngazi dakika kama ishirini navuta dawa yangu ya pumu, na binti mmoja wa darasani, Mungu ambariki, ndiye aliyeniletea maji. Kutoka ofisini kwenu, ambayo mlango wake unatazamana na ngazi hizo, hakutoka mtu. Picha za pasipoti zimesomesha wanangu wawili. Sioni aibu nazo, na sikulipa shilingi 480,000 nije kudharauliwa kwa ajili yake.

Jumamosi sikuja. Mkanipigia kuuliza kama nitachukua cheti. Cheti cha nini?

Nilipoanza kuandika nilitaka nusu ya ada tu. Sasa nadai ada yote, shilingi 480,000, pamoja na pleti mbili mpya zilizofungwa kwenye mfuko wake, na siku moja ya kutumia mashine yenu ya kuchapia nikiwa na mwalimu mwingine, dirisha likiwa wazi. Nadai pia barua ya kuomba radhi iliyosainiwa na meneja, na mkufunzi aombe radhi mbele ya wale wenzangu wanane, kwa sababu mbele yao ndiko alikonidharau. Na petroli itoke kwenye jengo hilo leo, kabla ya darasa lijalo.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nakala yake, pamoja na tangazo lenu, risiti yangu na picha niliyopiga ya ile chupa chini ya meza, itakwenda Tume ya Ushindani kwa upande wa mlaji, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa upande wa usalama wa chumba kile. Wale wenzangu wanane tuna kundi la simu, na watano wameshasema watasaini pamoja nami.

Nasubiri majibu kwa maandishi. Msinipigie.

Wenu,
Mama wa studio, mshiriki mwenye pumu aliyekaa karibu na sinki