Mtayarishaji wa filamu naye atajwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu filamu ya The African Queen tuliisoma kwa hamu hapa Kigoma. Hadithi ile chimbuko lake ni mapigano ya meli katika Ziwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ndiyo meli yetu ya Liemba. Mmewataja waigizaji Humphrey Bogart na Katharine Hepburn, na mwongozaji John Huston. Lakini aliyewawezesha wote hao kwenda kupiga picha Kongo na Uganda mwaka 1951 hamkumgusia hata kwa mstari mmoja.

Ni Sam Spiegel. Alizaliwa mwaka 1901 huko Galicia, eneo ambalo leo liko Poland. Akiwa Myahudi, aliikimbia Berlin mwaka 1933 Wanazi waliposhika madaraka, na huko Hollywood akajiita S. P. Eagle. Kwa filamu ile alishirikiana na ndugu wawili wa London, John na James Woolf, waliotoa sehemu ya fedha. Mtayarishaji ndiye anayenunua haki za kitabu, anayesaka fedha, anayemchagua mwongozaji, na gharama zikizidi ni yeye anayeulizwa. Ndiyo maana tuzo ya Oscar ya Filamu Bora hukabidhiwa yeye. Spiegel alizipata tatu: On the Waterfront, The Bridge on the River Kwai na Lawrence of Arabia.

Hiyo ya pili ilipigwa Ceylon, Sri Lanka ya leo. Palijengwa daraja zima la miti juu ya mto, ikaletwa treni ya kweli, vyote vikalipuliwa mbele ya kamera. Anayekubali kulipia daraja ili libomolewe amechangia sanaa ile sawa na mwigizaji yeyote.

Wala sisemi asifiwe tu. Muswada wa filamu hiyo uliandikwa na Carl Foreman na Michael Wilson, waliofungiwa kazi Hollywood kwa sababu ya msako wa wakomunisti. Jina lililowekwa ni la Pierre Boulle, Mfaransa aliyetunga riwaya, na Oscar ya muswada akapewa yeye ambaye hakuuandika. Waandishi wenyewe walitambuliwa mwaka 1984, wote wawili wakiwa wameshafariki. Wilson alinyimwa jina tena katika Lawrence of Arabia, filamu ya Spiegel huyohuyo, likaja kurudishwa mwaka 1995. Mtu aliyewahi kulificha jina lake mwenyewe alipaswa kujua uchungu wa jambo hilo, na hapo simtetei hata kidogo.

Kwa hiyo naomba, kila mnapoandika kuhusu filamu, mtueleze nani aliitayarisha, fedha zilitoka wapi na nani aliandika muswada. Na mkifika kwenye ile ya daraja, tafadhali yachapeni majina ya Foreman na Wilson.

Msomaji wenu,
Kigoma