Wito wa harambee: Klabu yetu ya Historia iende Berlin

Ndugu wazazi, walezi, wahitimu wa shule yetu popote mlipo, na majirani zetu wa Temeke,

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na salamu kwenu nyote. Wanafunzi kumi na wanne wa Klabu ya Historia, wote wa kidato cha tano, wamealikwa na shule moja ya sekondari ya Berlin, Ujerumani, kwa ziara ya mafunzo ya siku kumi katika likizo ya Juni. Walimu wawili watafuatana nao. Wenyeji watawapa malazi na chakula majumbani mwao. Nauli, viza na bima ya safari ni juu yetu, na ndiyo maana tunabisha hodi.

Swali la kwanza tunalijua, maana kwenye kikao cha wazazi liliulizwa na watu watano mfululizo: kwa nini Berlin, na vyoo vya shule viko katika hali ile? Ni swali la haki. Vyoo vina mfuko wake, na hakuna shilingi itakayotoka huko kuja huku. Ama kuhusu Berlin, sehemu kubwa ya yale wanayoyakariri kwa ajili ya mtihani imehifadhiwa kule, na mengine yalitendeka kule.

Tunawafundisha Mkutano wa Berlin kama vile wazungu walikaa na rula wakagawana bara mchana mmoja. Mkutano ulianza tarehe 15 Novemba 1884 ukafungwa tarehe 26 Februari 1885, mataifa 14, Mwafrika hakuna. Mipaka mingi ilichorwa baadaye, kwa mikataba mingine. Lakini kesho yake tu, tarehe 27 Februari, Kaiser, mfalme wa Ujerumani, aliipa kampuni ya Mjerumani Carl Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara, Unguru, Uzigua na Ukami. Jumba la mkutano halipo tena kwenye mtaa wa Wilhelmstraße. Pamebaki kibao cha kumbukumbu. Tunataka vijana wasimame hapo na daftari, wajiulize kwa nini tarehe hizo mbili zinafuatana.

Halafu kuna mifupa. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuiacha kusini na njaa, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, Lindi. Waliochimba hasa walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia. Mizigo ilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na kwa jumla zaidi ya tani 200 zikapelekwa Berlin. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, kimo chake mita 13.27. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 mwanasayansi wa Kijerumani alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ni wangapi hapa Dar wamewahi kumsikia Boheti?

Klabu ilifanya mdahalo: mifupa irejeshwe au ibaki? Upande wa kurejesha ulikuwa unaongoza kwa makofi mpaka binti mmoja wa Mbagala, naye wa upande huohuo, alipouliza itawekwa jengo gani na nani atalipa umeme wake. Ukumbi ulinyamaza kidogo. Hayo ndiyo maswali tunayotaka wakayaulize palepale, mbele ya wataalamu wa makumbusho, si kupiga picha na kurudi.

Mkishuka Posta mkatembea hadi Sanamu ya Askari, mjue kwamba hapo kabla ya Waingereza ilisimama sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani. Berlin nayo ilikuwa na mtaa wenye jina lake, huko Neukölln. Tangu 2021 mtaa huo unaitwa Lucy Lameck, mwanasiasa wetu wa Kilimanjaro. Vijana watapita hapo.

Na watapita Brunnenstraße, kwenye jiwe dogo lenye bamba la shaba lililowekwa kwenye njia ya waenda kwa miguu. Lina jina la Bayume Mohamed Husen, mtoto wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani akiwa bado mtoto. Mwaka 1929 alikwenda Berlin akidai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akaigiza filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili chuoni. Utawala wa Hitler ulimkamata mwaka 1941, naye akafia kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Huyu ni wa hapa hapa mjini, na vitabu vyetu vya darasani havimtaji.

Wakirudi wataandika kijitabu cha Kiswahili kwa shule za msingi za kata yetu. Hilo ni sharti la safari.

Sasa hesabu. Safari nzima ni shilingi milioni 72, sehemu kubwa ikiwa tiketi za ndege. Ada ya kawaida ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima. Tumeshapata milioni 23 kutoka kwa wazazi, wahitimu, na maandazi na juisi ya ubuyu ambayo wanafunzi wanauza kila Ijumaa. Zimebaki milioni 49. Wanafunzi walichaguliwa kwa insha na mdahalo, si kwa mfuko wa mzazi, na wasio na uwezo wa kuchangia hawataachwa wala kutajwa.

Waliouliza kuhusu chakula: wenyeji wameshaarifiwa nani hali nini. Na msituletee makoti mazito. Juni kule ni kiangazi, jua linazama kama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo Maghribi itachelewa kweli.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, bwaloni. Asiyeweza kufika alipie kwenye akaunti ya shule, namba ataipata kwa mwalimu mlezi, na adai risiti. Ahadi zitaandikwa kwa mhasibu, ila tunaomba zilipwe ndani ya wiki tatu, kwa sababu bila tiketi kushikwa hatuwezi kwenda ubalozini kuomba viza.